Wapi Kwanza: Mwongozo wa Kupokea Simu za Dharura, kwa Kijana wa Kirotshe

Ukisema mbele ya watu wa Kirotshe, wilayani Masisi kando ya Ziwa Kivu, kwamba unataka kuwa mpokeaji wa simu za dharura za polisi, jitayarishe kuulizwa: polisi gani, na simu gani? Swali ni la haki. Tangu Januari 2025 Goma, Sake na Minova ziko mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23, na serikali ya Kinshasa haiandikishi polisi kwenye barabara hii ya kando ya ziwa. Hata kabla ya hapo hakukuwa na chumba ambamo mtu alikesha akingoja simu ya mama wa kilimani. Mwenye shida alimpigia anayemjua: shefu wa kijiji, muuguzi, mchungaji, au mwenye pikipiki asiyeogopa giza.

Kwa hiyo sitakuelekeza dirisha la kujazia fomu. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba kazi hii ipo Kivu ya Kaskazini, ila imegawanywa vipande, na kila kipande kina jina lake. Opereta wa redio katika shirika la misaada anafanya kipande kimoja. Muuguzi anayetafuta ambulensi ya zoni ya afya anafanya kingine. Mwanakijiji aliyepewa simu ili atoe tahadhari naye ana chake. Ukivijua vyote, utakuwa na ufundi ambao kituo chochote kitautambua, Goma, Bukavu au ng'ambo. Usingoje kituo kijengwe ndipo uanze.

Kazi yenyewe

Wengi hudhani ni kujibu simu. Kujibu ni nusu tu. Nusu ya pili ni kutuma: kujua nani yuko karibu, nani ana mafuta, njia ipi inapitika, halafu kumfuata kwa redio mpaka afike. Katika vituo vikubwa nusu hizo hushikwa na watu wawili. Mmoja anaongea na anayepiga huku akiandika, mwenzake anasoma maandishi yaleyale kwenye skrini yake na kuita doria. Katika vituo vidogo mtu mmoja hufanya yote mawili, na huyo ndiye utakayekuwa wewe.

Namba ya kwanza ya aina hii, 999, ilianza London tarehe 30 Juni 1937, baada ya moto wa mwaka 1935 katika mtaa wa Wimpole Street kuua wanawake watano huku jirani aliyepiga simu akiwekwa kwenye foleni. Marekani ilifuata na 911 mwaka 1968. Huku kwetu Afrika Mashariki, Kenya inapokea 999, 112 na 911. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 serikali yake iliipa kampuni ya simu ya Safaricom kandarasi ya kujenga mfumo mpya wa mawasiliano ya polisi, wenye kamera Nairobi na Mombasa. Uganda hutumia 999 na 112, Tanzania 112.

Jambo moja ulijue mapema, maana vijana wengi hulikosa. Uingereza na Marekani anayepokea simu kwa kawaida ni raia aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu. Afrika Mashariki na Kongo, anayekaa mbele ya redio ya polisi kwa kawaida ni polisi mwenyewe: unaingia polisi kwanza, unafunzwa, ndipo unapangiwa mawasiliano. Polisi ya Taifa ya Kongo inaongozwa na sheria namba 11/013 ya tarehe 11 Agosti 2011, na watumishi wake na sheria namba 13/013 ya tarehe 1 Juni 2013. Zitafute uzisome kama nia yako ni sare. Ushauri wangu kwa kijana wa Masisi leo ni kuanza upande wa raia. Kuvaa sare, ya upande wowote, ili tu ufikie kiti cha redio ni bei kubwa mno, na ufundi unaweza kuupata bila kuilipa.

Mfano unaotufaa zaidi hauko Nairobi. Uko Tanzania, nao si wa polisi. Huduma ya m-mama, iliyoanza kama jaribio katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, inapokea simu za bure kwa namba 115 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye hatari. Mpokeaji anauliza maswali yaliyopangwa na kuamua mgonjwa apelekwe wapi. Ambulensi isipopatikana, anampigia dereva wa kawaida wa pale pale kijijini, ambaye hulipwa kwa M-Pesa. Tazama jinsi walivyofikiri: hawakungoja magari mengi, waliandikisha yaliyopo.

Uko fasi gani?

Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa nitakaa.

Swali la kwanza siku zote ni mahali. Salamu, jina na habari yenyewe vinangoja. Simu ikikatika baada ya jibu moja tu, na Kirotshe itakatika, uwe na jibu linalokuwezesha kutuma mtu. Ukijua kwamba kuna wezi lakini hujui wako wapi, huna kitu. Ukijua mahali bila kujua kilichotokea, bado mtu anaweza kwenda kuangalia.

Sasa, mahali kwetu hapana namba ya nyumba. Mazungumzo ya kweli huenda hivi:

— Allô! Beko banavunja mulango ya jirani!

— Mama, niko nakusikia. Uko fasi gani?

— Hapa kwetu, karibu na kanisa.

— Kanisa gani, mama? Ya CBCA ao ya Wakatolike?

— Ya CBCA.

— Ukitoka pale kanisani, unapanda mulima ao unashuka ku ziwa?

— Napanda.

Angalia mpokeaji alivyofanya. Hakumwambia mama atulie, kwa sababu hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa atulie. Alimpa maswali mafupi yenye majibu mawili, na kila jibu lilipunguza eneo. Kule Salt Lake City, mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Jeff Clawson aliandika maswali ya dharura kwenye kadi ili mpokeaji asiyabuni kichwani akiwa na hofu. Vituo vingi duniani bado vinafuata njia hiyo. Moja ya mbinu zake ni kurudia sentensi ileile, kwa sauti ileile, mpaka anayepiga aisikie. Ijaribu siku ambayo mtoto analia nyumbani. Utaona inavyofanya kazi.

Baada ya mahali, uliza namba anayopigia, kwa maana huenda simu si yake. Halafu uliza kinachotokea, kama kinaendelea au kimekwisha, kama kuna silaha, nani ameumia, na kama yeye mwenyewe yuko salama pale aliposimama. Usiulize “kwa nini”. Swali hilo linakula muda, na kwa mtu aliyevamiwa linasikika kama lawama.

Tengeneza daftari la alama. Tembea kutoka Shasha hadi Bweremana, kisha panda vijiji vya juu, ukiandika kila kitu ambacho watu hutumia kuelekezana: makanisa kwa jina la kanisa, shule, visima na mabomba, madaraja, masoko na siku zake, mahali boti zinapotia nanga, mti mkubwa kama upo. Kwa kila alama andika muda wa kufika kutoka barabara kubwa, kwa pikipiki na kwa mguu, wakati wa jua na wakati wa mvua. Kilomita haisaidii mtu kwenye mlima wa matope. Andika pia majina mawili ya mahali pamoja, maana kijiji kinaweza kuwa na jina la Kihunde kwa wazee na jina jingine kwa madereva. Daftari hilo lina thamani kuliko cheti chochote utakachoonyesha.

Kuna la bipu. Watu wengi hawana salio. Kwako bipu ni simu kamili, na lazima umpigie aliyebipu. Mtu akikaa kimya ukimpigia, usikate haraka ukidhani ni mtoto anachezea simu. Huenda amejificha chini ya kitanda. Sema: kama huwezi kuongea, gonga simu mara moja. Uingereza wana utaratibu wa kubonyeza 55 kwa anayepiga kwa simu ya mkononi bila kuweza kutoa sauti. Ninyi mnaweza kukubaliana na kijiji alama yenu, mradi kila mtu aijue kabla ya usiku wa shida.

Mvua na ziwa vina mafunzo yao. Tarehe 4 Mei 2023, mito iliyofurika Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, kusini mwa Minova, iliua watu zaidi ya 400. Katika janga kama hilo simu huja nyingi juu ya jambo moja, na mpokeaji mgeni huandika matukio kumi palipo na moja. Panga simu kwa mahali, si kwa mfululizo wa zilivyoingia. Na mto ukishuka kwa hasira, walio juu huuona kabla ya walio chini: uwe na namba ya mtu wa juu katika kila bonde, umpigie wewe mvua inapokuwa kubwa, usingoje akupigie.

Mwaka uliofuata, barabara ya Sake hadi Minova ilipokatwa na vita, watu wakahamia kwenye boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, huku watu wakiiona kutoka nchi kavu. Wakuu walitoa hesabu tofauti za waliokufa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika wangapi walipanda. Mwenye daftari angeandika mambo matatu boti inapotoka: saa, idadi ya watu, saa inayotazamiwa kufika. Opereta wa redio wa shirika la misaada hufanya hivyo kwa kila gari linalotoka nje ya mji. Gari likichelewa anaanza kuuliza kabla hajaambiwa.

Nani atatoka

Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kilijenga katika Kivu mitandao ya tahadhari ya vijiji. Mashefu, walimu, akina mama na vijana walipewa namba za kupiga kwenye kambi iliyo karibu, na wasaidizi Wakongomani wakawa daraja kati ya kijiji na askari. Fikra ilikuwa nzuri. Lawama iliyorudi mara nyingi ni kwamba tahadhari ilifika na hakuna aliyetoka, au alitoka watu wameshakimbia. Ukipokea simu bila kuwa na wa kumtuma, kijiji kitakupigia mara mbili tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza namba yoyote, andika orodha ya watu waliokubali kwa mdomo wao wenyewe: wenye pikipiki wanaotoka usiku, mwenye boti yenye injini, muuguzi wa zamu, Hospitali Kuu ya Kirotshe, wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu, vijana wanaoweza kubeba tipoyi pale pikipiki isipofika. Kwa kila mmoja andika saa anazopatikana na nani analipa mafuta. Hilo la mafuta ndilo huvunja miradi ya namna hii, na Watanzania wa m-mama walilitatua kwa kumlipa dereva kwa M-Pesa.

Penye mtu mwenye bunduki, usimtume mwenye pikipiki. Hilo halina ubishi. Kazi yako hapo ni kumsaidia anayepiga kuondoka au kujificha, kuwaonya majirani wasikimbilie kelele, na kumwandaa muuguzi. Na usiahidi kisichokuja. “Wanakuja sasa hivi” ukiwa hujui ni uongo unaoweza kumfanya mtu angoje mahali ambapo angeweza kukimbia. Sema unachojua: nimempigia fulani, hajajibu, nampigia mwingine, kaa nami kwenye simu.

Daftari hatari

Miongozo ya ng'ambo haina sehemu hii, kwa kuwa wao hawaihitaji. Masisi, mtu anayeandika nani amepita wapi anaweza kuitwa mpelelezi, na upande wowote unaweza kumwita hivyo. Andika walio hatarini, usiandike wenye silaha. “Familia mbili zimekimbia, mtoto ameumia mguu, karibu na shule” inatosha kutuma muuguzi. Idadi ya askari, silaha zao na walikoelekea havimsaidii muuguzi, na vikikutwa kwenye simu yako vinaweza kukuua. Usihifadhi majina ya wanaopiga pamoja na namba zao ukurasa mmoja. Futa sauti za WhatsApp ukishazifanyia kazi. Waambie wakuu wa mahali, hadharani, kazi yako ni nini na mipaka yake ni ipi, ili asiwepo wa kuigundua kama siri.

Mwanamke aliyebakwa akipiga, habari yake ni ya muuguzi peke yake. Mweleze kwamba kufika kituo cha afya ndani ya saa 72 kunamwezesha kupata dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, kisha umsaidie kupata usafiri. Hapo kazi yako imekwisha, na mdomo ufungwe.

Lugha nayo si jambo dogo. Kirotshe utahitaji Kiswahili, Kifaransa kwa ripoti, na angalau uelewe Kihunde, Kinyarwanda na Kihavu. Anayepiga husikia lafudhi yako kabla ya jina lako, na kwa miaka ya vita tuliyopitia, kuna atakayekata simu kwa sababu ya lafudhi tu. Dawa ni kuwa na wapokeaji wa makabila tofauti katika zamu. Katiba ya 2006, kifungu cha 183, inasema Polisi ya Taifa haina siasa. Iwe hivyo kwako hata kama huna sare.

Njia ya kufika kwenye ajira

Maliza sekondari upate diploma ya serikali. Bila hiyo mashirika mengi hayasomi barua yako. Jiunge na Msalaba Mwekundu wa mahali ujifunze huduma ya kwanza, kwa kuwa mpokeaji anayejua jinsi ya kuzuia damu anaweza kumfundisha jirani kwa simu. Jifunze kuchapa bila kutazama vidole, na kuandika sentensi moja yenye mahali, saa na tukio. Jifunze alfabeti ya redio, Alpha, Bravo, Charlie mpaka Zulu, na adabu ya redio: sikiliza kwanza, bonyeza, ngoja sekunde moja, ongea, achia. Unayempa ujumbe aurudie kama alivyousikia. Kituo cha afya chenye redio ya masafa marefu kitafurahi kukuruhusu ukae kando ya anayeitumia, hasa ukijitolea kushughulikia betri na paneli ya sola.

Ajira ya mshahara utaitafuta chini ya jina “opérateur radio” katika mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya misaada, au katika kampuni za ulinzi za mijini zenye chumba cha redio. Tangu 2025 mashirika mengi yamepunguza watu, kwa hiyo nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Kwenye usaili huenda wakakupa redio na tukio la kubuni na kutazama unavyouliza. Wengi huanza na “kuna nini?” Wewe anza na mahali.

Walio na ndugu Marekani au Ulaya wajue kwamba huko mlango uko wazi zaidi kwa raia. Kuna cheti cha kimataifa cha mpokeaji simu za polisi kinachotolewa na International Academies of Emergency Dispatch, na kinahitaji kuhuishwa kila baada ya miaka 2. Kiwango kinachofuatwa na vituo vingi vya Marekani ni kujibu asilimia 90 ya simu ndani ya sekunde 15. Vituo hivyo hukodi wakalimani wa simu kwa Kiswahili, na Mkongomani wa Kivu anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza ana mahali pa kuanzia hata kabla ya cheti.

Mwili nao una neno. Zamu za usiku huharibu usingizi, na sauti za watu hubaki kichwani. Tofauti na muuguzi, mara nyingi hutajua mwisho wa habari: simu imekatika, na ndiyo hiyo. Baada ya simu nzito, toka nje na umwambie mwenzako ulichosikia bila kutaja majina. Atakayekuambia amezoea, mwangalie kwa makini, na umpunguzie zamu.

Basi anza wiki hii na daftari la alama, kisha tafuta wenzako watatu au wanne wa kupokezana nao, wanaume kwa wanawake, wa lugha tofauti. Usitangaze namba kabla ya kuwapata, maana mtu mmoja hawezi kukesha kila usiku, na simu isiyopokelewa ni mbaya kuliko namba ambayo haikutangazwa.